Jimbo lilihitaji jumla, likaomba majina: kisa cha North Carolina na Amazon, 2009 hadi 2011

Tarehe 1 Desemba 2009, Idara ya Mapato ya jimbo la North Carolina, Marekani, iliiandikia Amazon, duka la mtandaoni, barua ya ukaguzi. Ilitaka taarifa zote za mauzo yote yaliyopelekwa kwenye anwani za jimbo hilo, mwezi kwa mwezi, katika faili la kielektroniki, kuanzia tarehe 1 Agosti 2003 hadi tarehe 28 Februari 2010. Neno "zote" ndilo lililozaa kesi.

Amazon ilijibu kwa kutoa data ya karibu bidhaa milioni 50. Kila mstari ulikuwa na namba ya oda, mji, kaunti, msimbo wa posta, tarehe, bei, na msimbo wa bidhaa uitwao ASIN. Majina na anwani za mitaa havikutolewa. Kwa macho ya mhasibu hilo lilikuwa jibu la uangalifu, kwa sababu hakuna mteja aliyetajwa. Kasoro yake ilikuwa kwenye ule msimbo. ASIN ina herufi na tarakimu 10, na kwa vitabu vingi vya karatasi ni ileile namba ya ISBN ya tarakimu 10 iliyochapwa nyuma ya jalada. Mtu yeyote akiuandika kwenye kisanduku cha kutafutia cha tovuti, anaoneshwa kitabu, filamu au kifaa chenyewe. Kwa hiyo idara sasa ilikuwa na orodha ya kila kilichonunuliwa Amazon katika jimbo zima kwa miaka zaidi ya sita, isipokuwa haikujua nani alinunua nini.

Tarehe 19 Machi 2010 ikaomba hilo lililobaki: jina na anwani ya aliyelipa, jina na anwani ya aliyepelekewa, na msimbo au maelezo ya bidhaa. Ilitoa muda wa mwezi mmoja, na ikaonya kwamba Amazon isipotekeleza itapelekewa wito wa kisheria. Siku ya mwisho, tarehe 19 Aprili 2010, Amazon ilifungua kesi katika Mahakama ya Shirikisho jijini Seattle dhidi ya Kenneth Lay, aliyekuwa Katibu wa Mapato wa jimbo. (Jina linafanana na la mkuu wa zamani wa kampuni ya nishati ya Enron, lakini huyu ni mtu mwingine kabisa.)

Kwa nini jimbo lilimtafuta mnunuzi

Bila kuielewa kodi yenyewe, mtu ataona kama idara ilikuwa na tamaa ya kupekua watu. Haikuwa hivyo. Marekani haina kodi ya mauzo ya taifa zima. Majimbo mengi yana yake, na mara nyingi kaunti na miji huongeza asilimia zao juu yake. Muuzaji ndiye anayekusanya na kupeleka serikalini. Lakini kwa hukumu mbili za Mahakama Kuu ya Marekani, ya 1967 katika kesi ya National Bellas Hess na ya 1992 katika kesi ya Quill, jimbo halikuweza kumlazimisha muuzaji asiye na duka, ghala wala wafanyakazi ndani ya mipaka yake akusanye kodi hiyo.

Kodi haikufutika kwa sababu hiyo. Ilihamia kwa mnunuzi kwa jina la kodi ya matumizi: ukinunua kitu nje ya jimbo bila kulipishwa kodi ya mauzo, kisha ukakitumia nyumbani, unadaiwa kiwango kilekile, ujitangaze mwenyewe. North Carolina ina sehemu ya kodi hii kwenye fomu ya mapato ya mtu binafsi, D-400. Asiyetunza risiti huruhusiwa kukadiria kwa jedwali linalofuata kipato chake, ila kitu cha dola 1,000 au zaidi hukihesabu peke yake. Walio wengi huiacha wazi, wengine kwa kukwepa na wengine kwa sababu hawajawahi kuisikia.

Hivyo mwaka 2009 idara ilikuwa na deni halali na haikuwa na namna ya kulifikia. Mwaka huohuo bunge la jimbo lilikuwa likiandaa sheria ya kuwahesabu washirika wanaotangaza bidhaa za Amazon kwa kamisheni kuwa ndio uwepo wake jimboni, na Amazon ikajibu mwezi Juni kwa kuwakatia mikataba washirika wote wa North Carolina. Barua ya Desemba ilitumwa wakati ugomvi huo bado wa moto. Tunalitaja hili ili msomaji asidhani kulikuwa na upande wa malaika. Kampuni ilifaidika sana kwa bei zake kuonekana nafuu kuliko za duka la mtaani linalotoza kodi, na faragha ya wateja ilikuwa hoja iliyoifaa pia kibiashara. Hoja haiwi ya uongo kwa kuwa imemfaa mwenye kuisema.

Majedwali mawili na kiungo kimoja

Hapa ndipo pa kukaa, maana wanasheria wengi hupapita haraka. Chukua mfano wa kubuni wa mstari mmoja wa jibu la Desemba: oda fulani, Asheville, kaunti ya Buncombe, 28801, tarehe 14 Novemba 2008, dola 13.57, ASIN ya kitabu cha kumsaidia mke kuomba talaka na amri ya mahakama ya kumzuia mume asimkaribie. Sasa chukua mstari wa jibu lililoombwa Machi: oda ileile, jina la mwanamke, nyumba namba fulani, mtaa fulani. Kila mstari peke yake hauna makubwa. Wa kwanza unasema kuna mtu Asheville alinunua kitabu. Wa pili unasema mwanamke huyu ni mteja wa duka kubwa kuliko yote ya mtandaoni. Namba ya oda ikishaiunganisha, mtumishi wa serikali anaijua ndoa ya mwanamke huyo kabla hata ndugu zake hawajaijua.

Watu husema, basi ondoa msimbo wa bidhaa kwenye jibu la pili. Haitoshi, kwa kuwa msimbo tayari uko kwenye la kwanza. Ondoa na namba ya oda? Bado haitoshi. Bei hadi senti, tarehe na msimbo wa posta vikikaa pamoja hufanya kazi ya alama ya kidole: ni wangapi katika 28801 waliolipa dola 13.57 hasa siku ile? Mara nyingi ni mmoja. Programu ya kawaida ya majedwali inaunganisha kwa safu hizo tatu bila shida. Kwa hiyo anayetoa data asitazame tu faili analolituma leo. Atazame mpokeaji ana nini kabatini tangu jana.

Jambo la pili lililosahaulika ni zawadi. Idara iliomba jina la aliyelipa na la aliyepelekewa. Mama akimnunulia mwanawe aliye chuoni kitabu kuhusu ulevi, kifurushi kitafika kwa jina la kijana. Faili litamwonesha yeye kama mhusika, ingawa hakuagiza, hakulipa, na huenda hakukifungua.

Wateja wenyewe waliingia kesini mwezi Juni 2010, wakiwakilishwa na shirika la kutetea haki za raia, ACLU. Karibu wote walifichwa chini ya jina la Jane Doe, na mmoja aliyejitokeza wazi alikuwa diwani wa mji wa Asheville. Kuingia kwao kulibadilisha sura ya kesi. Amazon peke yake ingeonekana inalinda soko lake. Wateja waliokuwa wamenunua vitabu vya talaka, vya afya ya akili na vya siasa kali waliweza kusema wazi kwamba wakijua serikali inasoma orodha hiyo, wataacha kununua.

Alichoamua Jaji Pechman

Idara ilianza na mapingamizi ya kawaida. Ilisema mahakama za shirikisho zimezuiwa na sheria kuingilia ukusanyaji wa kodi za majimbo. Jaji Marsha Pechman alijibu kwamba Amazon haikuwa ikipinga kulipa kodi wala kuomba ukaguzi usimamishwe. Ilipinga tu kipande cha ombi la taarifa. Idara ilisema pia kwamba kesi imefunguliwa mapema, wito wenyewe haujatolewa. Jaji aliona tishio lililoandikwa ndani ya barua ya Machi ni la kweli, kwa kuwa barua hiyo ilisema bila kupindapinda kitakachofuata.

Hukumu ilitoka tarehe 25 Oktoba 2010, kwa misingi miwili.

Wa kwanza ni Marekebisho ya Kwanza ya Katiba. Haki ya kusema inakwenda pamoja na haki ya kusoma, kusikiliza na kutazama bila kujulikana na serikali. Serikali ikitaka kujua fulani amesoma nini, lazima ioneshe haja nzito na uhusiano wa kutosha kati ya taarifa hiyo na kazi inayoifanya. Idara ilishindwa hapo kwa kauli yake yenyewe: ilikubali mbele ya mahakama kwamba haikuwa na haja halali ya kujua wakazi wa North Carolina wamenunua vitabu, muziki na filamu gani. Ukishasema hukihitaji kitu, huwezi kuendelea kukidai.

Wa pili ni sheria ya shirikisho ya 1988 ya faragha ya video. Sheria hiyo ilitungwa baada ya gazeti la Washington kuchapisha mwaka 1987 orodha ya filamu alizokodi Robert Bork, aliyekuwa amependekezwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Inamkataza anayekodisha au kuuza video kutoa taarifa zinazomtambulisha mteja pamoja na alichochukua, isipokuwa kwa ridhaa yake au kwa milango michache iliyotajwa, kama vile hati au amri ya mahakama. Barua ya mkaguzi wa kodi haimo katika milango hiyo. Fidia inaanzia dola 2,500 kwa mteja mmoja, kwa hiyo Amazon ingetii barua ya Machi kama ilivyoandikwa, ingejiweka kwenye hatari ya kushtakiwa na wateja wake yenyewe.

Amri ya mwisho iliandikwa kwa makini, na inastahili kusomwa polepole. Jaji hakusema jimbo haliwezi kamwe kuomba majina ya wanunuzi. Alisema ombi la Machi linavunja Katiba na sheria ya video kwa kadiri linavyotaka majina, anwani au taarifa nyingine binafsi, na hilo ni kwa muda wote ambao idara inaendelea kuwa na data ya kina iliyopewa awali. Kosa aliliona kwenye muunganiko. Idara ingerudisha orodha ya bidhaa na kufuta nakala zake, ingeweza kurudi na ombi jipya lililopunguzwa. Kesi ikamalizika kwa makubaliano mwezi Februari 2011: idara ilikubali kutoomba taarifa zinazomtambulisha mteja pamoja na majina ya alivyonunua.

Barua ilipaswa kuombaje

Kodi yenyewe inauliza maswali manne: kiasi gani, lini, wapi, na bidhaa ya aina gani. Aina ina maana kwa sababu viwango vinatofautiana. North Carolina hutoza chakula kisichopikwa asilimia 2 tu, na dawa zilizoandikwa na daktari hazitozwi. Lakini riwaya, kitabu cha dini na kitabu cha ugonjwa wa zinaa vyote vinatozwa sawa; kwa mkaguzi hivyo vyote ni "kitabu". Ombi sahihi la hatua ya kwanza lingetaka jumla kwa kila mwezi, kwa kila kaunti (jimbo lina kaunti 100), kwa kila kundi la kodi: chakula, dawa, nguo, vitabu, vifaa. Kwa mauzo ya bidhaa milioni 50, jedwali la namna hiyo lingetosha kukokotoa deni lote bila mstari hata mmoja wa mtu binafsi.

Kama mkaguzi hana imani na jumla, na ni haki yake kutokuwa nayo, njia ya kawaida ni sampuli. Muuzaji hutoa ankara mia kadhaa zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, jina likiwa limefutwa na jina la bidhaa likiwa limebadilishwa kuwa kundi la kodi, mkaguzi akalinganisha na jumla. Panapoharibika mara nyingi ni kwenye kufuta: mtu hufunika jina kwa kisanduku cheusi juu ya faili la PDF, na maandishi yanabaki chini yake yakisubiri kunakiliwa. Ni lazima safu iondolewe kwenye data kabla faili halijatengenezwa.

Hatua ya pili, ya kumdai mnunuzi mwenyewe, kweli inahitaji jina. Colorado ilijaribu njia nyembamba zaidi kwa sheria yake ya 2010. Wauzaji wasiokusanya kodi, waliokuwa na mauzo ya dola 100,000 au zaidi jimboni, walitakiwa kumwarifu mnunuzi kila anaponunua kwamba huenda anadaiwa kodi. Kumtumia muhtasari wa mwaka akiwa amenunua kwa zaidi ya dola 500. Na kuipelekea Idara ya Mapato jina, anwani na jumla ya fedha ya kila mteja. Bidhaa hazikutajwa. Adhabu ilikuwa dola 5 kwa kila arifa iliyokosekana na dola 10 kwa kila muhtasari. Kesi iliyopinga sheria hiyo ilifika hadi Mahakama Kuu mwaka 2015 kwa swali la mamlaka ya mahakama, ikarudi chini, Mahakama ya Rufani ikaipitisha sheria mwaka 2016, na ikaanza kutekelezwa tarehe 1 Julai 2017.

Njia ya Colorado ni bora kuliko ya North Carolina, lakini ina tundu ambalo hatuwezi kulinyamazia. Kwa duka linalouza kila kitu, jumla ya dola 740 haisemi chochote. Kwa duka linalouza vifaa vya ugonjwa mmoja tu, au vitabu vya imani moja tu, jina la muuzaji peke yake limeshasema yote.

Baada ya 2018 hatari imehama

Tarehe 21 Juni 2018, katika kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair, Mahakama Kuu iliifuta hukumu ya Quill kwa kura 5 kwa 4. Sheria ya South Dakota ilimgusa muuzaji wa mbali mwenye mauzo zaidi ya dola 100,000 au miamala 200 kwa mwaka, bila kujali kama ana duka jimboni. Amazon ilikuwa imeshaanza kukusanya kodi North Carolina tangu tarehe 1 Februari 2014. Wauzaji wengine wa mbali waliwekwa kwenye mstari huo kuanzia tarehe 1 Novemba 2018. Kodi sasa hukatwa mnunuzi anapolipa, na jimbo hupokea fomu E-500 ikiwa na jedwali la kaunti, E-536. Hakuna jina ndani yake. Sababu kuu ya kumtafuta mnunuzi mmoja mmoja imekwisha.

Ila ili kodi ikatwe sawasawa, mtu fulani lazima ajue anwani kamili na aina ya bidhaa. Msimbo wa posta wa tarakimu 5 hautoshi, kwa kuwa mipaka yake haifuati mipaka ya kaunti na miji. Wauzaji wadogo hukodi huduma ya kukokotoa kodi: kila oda inapofika malipo, duka hutuma ombi lenye anwani, kiasi, msimbo wa kodi wa bidhaa, namba ya mteja na mara nyingi maelezo ya bidhaa. Safu ya maelezo ndiyo ya kuangalia. Programu nyingi za kuunganisha duka na huduma hizi huijaza zenyewe kwa jina kamili la bidhaa, na mwenye duka hajui. Jedwali ambalo Jaji Pechman alikataa lisiundwe serikalini linaundwa kila siku kwenye seva ya kampuni ya tatu, jina na kichwa cha kitabu kwenye mstari mmoja.

Marekebisho yake si magumu. Tuma msimbo wa kodi na uache maelezo tupu, au andika "kitabu". Tumia namba ya mteja ya nasibu badala ya barua pepe. Kumbuka kwamba vyeti vya msamaha wa kodi, vya makanisa, wakulima na mashirika, vina majina na lazima vitunzwe. Viweke kwenye hifadhi yake, mbali na oda. Uliza pia data inakaa huko kwa muda gani. Aliyewahi kuwasilisha ritani kwa kawaida huweza kukaguliwa miaka 3 nyuma, lakini asiyewahi kuwasilisha hana ukomo huo. Huenda ndiyo maana ukaguzi wa Desemba 2009 uliweza kurudi hadi 2003, na ndiyo maana washauri wa kodi humwambia mwenye duka asifute kitu. Atunze kiasi, tarehe, kaunti na kundi la kodi kwa muda wowote atakao. Jina na kichwa cha bidhaa havina sababu ya kuishi pamoja baada ya muda wa kurudisha bidhaa kupita.

Kenya imekutana na swali hilihili kwa njia yake. Kifungu cha 59A cha Sheria ya Taratibu za Kodi kinamzuia Kamishna kumlazimisha mfanyabiashara kutoa siri za biashara na data binafsi za wateja anapounganisha mfumo wake na wa Mamlaka ya Mapato, KRA. Mswada wa Fedha wa 2025 ulipendekeza kinga hiyo iondolewe, na kamati ya fedha ya Bunge la Taifa ikalikataa pendekezo. Hoja ya serikali ilikuwa ileile ya North Carolina, kwamba deni ni halali na wakwepaji ni wengi. Swali la kuuliza pendekezo la namna hiyo likirudi ni lile ambalo idara ya North Carolina ilijibu vibaya: ni safu ipi kati ya hizi ambayo bila hiyo kodi haiwezi kukokotolewa?